Kukata tishu iliyogandishwa: mwongozo kamili wa kriostati na vifaa vyake

Tishu mbichi haikatiki. Imejaa maji, ni laini, na wembe ukiigusa inavutika na kuteleza. Hata ukifanikiwa kutoa kipande, kinakuwa kinene mno na mwanga wa hadubini haupiti. Maabara nyingi huipa ugumu kwa njia ndefu: formalini ya kuihifadhi kwanza, alkoholi ya kuondoa maji, zailini ya kuondoa alkoholi, na mwishowe nta ya parafini iliyoyeyushwa. Kazi hiyo hula usiku mzima, na jibu hutoka kesho yake au baadaye. Mkato wa barafu hufupisha safari yote hiyo kwa kuyafanya maji ya tishu yenyewe yachukue nafasi ya nta. Yakishaganda, tishu inakuwa ngumu kiasi cha kukatika ndani ya kriostati (mashine ya kukatia iliyofungiwa kwenye sanduku la baridi) kwa unene wa mikromita 5, yaani sehemu 5 kati ya 1000 za milimita moja.

Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayoweza kuiharibu tishu kabisa. Yakiganda polepole hutengeneza fuwele kubwa zinazopasua seli, na hakuna mashine, hata iwe ghali vipi, inayoweza kurudisha kilichopasuka. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa muda mrefu kwenye kugandisha na kwenye joto la kukatia, na kupita haraka kwenye mambo ambayo kila maabara tayari inayajua. Mkataji akilalamikia wembe au mashine, mara nyingi kosa lilishatokea dakika kadhaa kabla hajakaa kwenye kiti.

Matumizi makuu ni yale ya wakati wa upasuaji: mgonjwa yuko mezani, na daktari mpasuaji anataka kujua kama uvimbe ni saratani, au kama kingo za alichokata ziko safi. College of American Pathologists, chama cha Marekani cha madaktari wanaochunguza tishu, imeweka kipimo kinachofuatwa na wengi, kwamba bloku moja (kipande cha tishu kilichogandishwa) ijibiwe ndani ya dakika 20 tangu ifike maabara. Matumizi mengine hayana haraka hiyo, ila hayawezekani kwa parafini: mafuta ndani ya seli, ambayo alkoholi na zailini huyayeyusha, vimeng'enya vya misuli, ambavyo formalini huviua, na protini za figo na ngozi zinazotafutwa kwa kingamwili zenye rangi ya kung'aa.

Njia yenyewe ina historia ndefu kuliko mashine. Mwaka 1891 William Welch wa Johns Hopkins alijaribu mkato wa barafu wakati wa upasuaji, na mwaka 1905 Louis Wilson wa Mayo Clinic, huko Rochester, Minnesota, alichapisha njia ya haraka ya kuupaka rangi kwa buluu ya methilini. Kwa miaka mingi mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba, ilikaa mezani kwenye joto la chumba, tishu ikigandishwa kwa gesi ya kaboni dioksidi, na mkataji akikimbizana na kuyeyuka. Mwaka 1938 Kaj Linderstrøm-Lang na K. R. Mogensen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, walieleza mpango wa kuifungia mikrotomu ndani ya sanduku la baridi. Kriostati zote za leo ni wajukuu wa sanduku lile.

Kriostati kwa undani

Fungua kioo cha juu uangalie ndani. Utakuta mikrotomu ya kuzunguka, wembe umesimama mbele, na kichwa kinachoshika bloku kikipanda na kushuka kila unapozungusha gurudumu la nje. Kila mzunguko unakisogeza kichwa mbele kwa kipimo ulichochagua. Chumba chenyewe hukaa karibu na -20°C kwa kazi za kawaida, na mashine nyingi hufika -30°C au chini zaidi. Baadhi zina mifumo miwili ya kupooza, mmoja wa chumba na mwingine wa kichwa cha bloku peke yake. Kama unanunua mashine na tishu unazokata ni za aina nyingi, hiki ndicho kitu ningekilipia kabla ya skrini ya kugusa au injini ya kuzungushia. Kichwa kinachojipooza chenyewe kinakuwezesha kutoka kwenye ubongo hadi kwenye mafuta ya titi bila kungoja chumba kizima kibadilike.

Pembeni kuna rafu ya kugandishia, ubao wa chuma wenye matundu ya kuchomeka visahani vya kushikia bloku. Mashine nyingi zina tundu moja au mawili ya baridi kali, yanayoshuka kuliko sehemu nyingine yoyote ya chumba kwa dakika chache unapobonyeza kitufe. Juu ya rafu huning'inia kinyonya joto, bonge la chuma lenye uso bapa. Unapolilaza juu ya tishu, joto linatoka juu na chini kwa wakati mmoja.

Halafu kuna kioo cha kuzuia mkunjo, kifaa kidogo kinacholiza watu wengi. Ni kipande cha kioo kilichowekwa sambamba na wembe kwa mwanya mwembamba sana, na mkato unapokatwa unateleza chini yake badala ya kujiviringisha. Ukingo wake wa juu unatakiwa usimame sawa na makali ya wembe, au uyapite kwa unywele tu. Ukiwa chini, mkato unajikunja juu yake. Ukiwa juu mno, bloku inaugonga na kuuvunja. Kioo chenye ukingo ulioliwa hakirekebishiki. Geuza upande mwingine au badilisha.

Wembe za kutumia na kutupa zimekuwa kawaida. Kuna pana, za milimita 14, na nyembamba, za milimita 8. Za pana zinashikika imara zaidi kwa bloku kubwa na tishu ngumu, za nyembamba zinatosha kwa biopsi ndogo, yaani vipande vidogo vilivyochukuliwa kwa mgonjwa kwa uchunguzi. Kishikio cha wembe lazima kilingane na aina uliyonayo. Pembe ya wembe hupangwa mara moja wakati mashine inafungwa, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji, mara nyingi kati ya digrii 2 na 5, na haiguswi tena bila sababu. Katika maabara yenye wakataji wengi ningeiwekea alama ya kalamu, kwa sababu mtu mmoja akiisogeza, watu watano watateseka kesho bila kujua kwa nini.

Vifaa vingine vya mezani

Utahitaji visahani vya chuma vya kushikia bloku, vyenye mifereji usoni ili barafu ishike. Utahitaji jeli ya kugandishia, inayojulikana kwa kifupi cha OCT (optimal cutting temperature). Kwa sehemu kubwa ni maji, polivinili alkoholi na polietilini glikoli. Ikiwa kwenye chupa haina rangi, ikiganda inageuka nyeupe kabisa, na ukiiosha kwa maji inaondoka yote. Weka brashi mbili za nywele laini ndani ya chumba cha baridi muda wote, moja ya kuongozea mkato na nyingine ya kusukumia mabaki. Brashi ya joto ikigusa mkato inaunata na kuurarua.

Kibano kirefu, slaidi zenye chaji chanya, penseli ya kuandikia slaidi, karatasi ya kunyonya maji, mitungi ya rangi iliyopangwa kwa mfuatano, saa. Kwa misuli na kazi za utafiti ongeza bika (kikombe cha maabara) ya chuma, chombo cha naitrojeni ya kimiminika na chupa ya isopenteni, kimiminika cha kugandishia. Glovu ziwe za aina mbili: za kawaida, na zile za nyuzi ngumu zisizokatika, zinazovaliwa ndani.

Kupokea na kuandaa sampuli

Tishu ije mbichi, juu ya shashi iliyoloweshwa kidogo kwa maji ya chumvi na kukamuliwa. Isije ikielea ndani ya maji. Kila tone ililolinyonya njiani litageuka fuwele. Kwa misuli jambo hili ndilo linaloharibu biopsi nyingi kuliko yote: kipande kinatoka kwa mgonjwa kikiwa kizuri, mtu anakitumbukiza kwenye kikopo cha maji ya chumvi kwa nia njema, na kinapofika maabara tayari kimevimba.

Linganisha jina na namba kwenye kikopo na kwenye fomu kabla ya kufungua kitu chochote. Kisha ikaushe tishu kwa kuigusa na karatasi bila kuikandamiza, na kata kipande kisichozidi unene wa milimita 5 na upana wa kama sentimita 2. Wengi hutamani kuweka kipande kikubwa ili kuona mengi kwa mara moja. Kipande kinene kinaganda nje haraka na katikati polepole, na katikati ndipo kilipo kile unachokitafuta. Ondoa mafuta yasiyohitajika, nyuzi za kushonea na vibanio vya chuma, na pitisha kidole chenye glovu kuhakikisha hakuna mawe ya chokaa. Mfupa haukatwi hapa.

Kuna pia sampuli ambazo mwanapatholojia, daktari anayesoma tishu, anapaswa kuzikataa. Kipande kidogo kiasi kwamba kikikatwa chote kitaisha, na jibu la leo halitabadilisha upasuaji, kinastahili formalini. Kugandisha kunaharibu kitu siku zote, hata kukifanywa vizuri.

Kugandisha

Maji yakigeuka barafu yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na yakipewa muda molekuli zake hujipanga kuwa fuwele ndefu. Ukishusha joto haraka, zinakosa nafasi ya kujipanga na barafu inabaki ya chembe ndogo zisizoonekana. Mbinu zote zilizobaki ni namna tofauti za kuwahi kabla fuwele hazijakua.

Kwa kazi ya upasuaji, rafu ya mashine inatosha. Kisahani kiwe kimekwishapoa ndani ya chumba. Mimina jeli kidogo usoni, iache ianze kuwa nyeupe pembezoni huku katikati ikiwa bado majimaji, kisha laza tishu. Uso unaotaka kuuona uelekee juu na ulale bapa. Kona moja ikiinuka, utakata nusu ya tishu uitupe kabla ya kuifikia nusu ya pili. Funika kwa jeli, hakikisha hakuna mapovu, peleka kwenye tundu la baridi kali, na shusha kinyonya joto juu yake. Kabla ya hapo gusa chuma chake kwa kibano kuona kama kina baridi kweli, kwa sababu kilichoachwa nje baada ya kusafishwa kitakuyeyushia kazi yako. Dakika moja au mbili zinatosha kwa kipande cha kawaida. Ukikitoa kabla jeli ya katikati haijawa nyeupe, bloku itang'oka ukianza kukata.

Zipo njia za kugandisha kichwa chini, ambapo tishu inalazwa kifudifudi kwenye kibonyeo cha chuma chenye baridi, jeli inamiminwa juu, na kisahani kinafuata. Faida yake ni uso ulionyooka kabisa. Kwa kingo za saratani na kwa ngozi, ambako milimita moja ina maana, naipendelea.

Kwa misuli rafu haitoshi, na hapa isopenteni inaingia. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini asitumbukize tishu moja kwa moja kwenye naitrojeni, ambayo iko -196°C. Ukifanya hivyo utaona naitrojeni ikichemka kwa fujo kuizunguka tishu, na gesi inayotoka inatengeneza tabaka kama shuka inayozuia baridi isiifikie. Isopenteni haichemki. Weka bika ya chuma yenye isopenteni ndani ya naitrojeni, koroga kwa kijiti cha chuma, na tazama chini ya bika. Mwanzoni kimiminika kinakuwa angavu kama maji. Kinazidi kuwa kizito. Kisha chembe nyeupe zinaanza kujitokeza kwenye sakafu ya bika na kushika kuta. Isopenteni huganda karibu na -160°C, kwa hiyo chembe hizo ndizo kipimajoto chako. Zikishaonekana, na juu yake kukiwa bado na kimiminika cha kutosha, tumbukiza tishu kwa mwendo mmoja na itikise kwa sekunde kama 10 hadi 20 kulingana na ukubwa. Ukiwahi kabla chembe hazijaja, utapata misuli yenye matundu matundu.

Barafu kavu, iliyo karibu -78°C, ikiwekwa pamoja na isopenteni hutosheleza tishu nyingi za utafiti. Tishu iliyokwishakaa kwenye formalini au paraformaldehidi ina njia yake: izamishe kwanza kwenye maji ya sukari ya sukrozi ya asilimia 30. Itaelea mwanzoni, na itakapozama chini ndipo sukari imeingia vya kutosha kuzuia fuwele. Ubongo huchukua siku moja hadi tatu. Usiuharakishe.

Joto la kukatia

Bloku ikishakuwa tayari, swali ni moja: ikatwe kwa baridi ya kiasi gani? Tishu zenye maji mengi na nyuzi chache huwa ngumu upesi, hivyo zinataka joto la juu kidogo. Ubongo na ini hukatika vizuri kati ya -12°C na -16°C. Wengu, figo, tezi ya shingo na tezi za limfu hupenda eneo la -16°C hadi -20°C. Misuli hukaa karibu na -20°C, ngozi hudai -20°C hadi -25°C, na tishu yenye mafuta mengi, kama titi, inahitaji -25°C hadi -30°C au chini ya hapo, kwa kuwa mafuta bado ni laini kwenye -20°C.

Namba hizi ni mahali pa kuanzia. Zaidi ya hapo tishu yenyewe inasema, na mkataji mzuri anaisoma kabla hajatazama skrini. Bloku iliyozidi baridi inatoa sauti kavu ya kukwaruza, na mkato unatoka na nyufa sambamba au unasambaratika kuwa unga mweupe. Bloku yenye joto haina sauti. Mkato unajikusanya kwenye makali, unakuwa kama ute, na ukiugusa kwa brashi unanata. Ile iliyo sawa hutoa mlio mwembamba, laini, unaofanana kila mzunguko. Sikiliza mlio huo kwenye bloku zako nzuri hadi uuzoee, utakusaidia kuliko jedwali lolote.

Ukigundua bloku ni ya baridi mno na hakuna muda wa kungoja, funga gurudumu, hakikisha kinga ya wembe iko juu, na bonyeza uso wa bloku kwa kidole gumba chenye glovu kwa sekunde moja au mbili. Mkato wa kwanza baada ya hapo utakuwa mbaya, wa pili au wa tatu utakuwa mzuri. Ikiwa na joto mno, laza kinyonya joto juu yake nusu dakika. Dawa za kupuliza za kugandisha zinafanya kazi hiyo haraka, lakini zinarusha hewani vumbi la tishu ambayo haijauawa vijidudu. Kwa sampuli ya mtu, ziache.

Kukata

Fungia kisahani kwenye kichwa na kaza vizuri. Panga mwelekeo ukikumbuka kwamba bloku inashuka juu ya wembe, hivyo ukingo wa chini ndio unaokatwa kwanza. Sehemu ngumu au yenye mafuta iweke juu, ikatwe mwisho, isije ikavuruga kilicho laini. Ngozi isimamishwe ili wembe upite tabaka zote kwa pamoja, kuanzia juu ya ngozi hadi mafuta yaliyo chini.

Anza kwa unene wa mikromita 20 hadi 30 mpaka uso wote wa tishu ujitokeze. Kuwa mwangalifu na vipande vidogo, maana mizunguko michache ya unene huo inaweza kumaliza biopsi nzima. Uso ukishakuwa kamili, hamia sehemu safi ya wembe ambayo haijatumika, badilisha unene kuwa mikromita 5 hadi 8 kwa uchunguzi wa kawaida, 3 au 4 kwa figo ya kingamwili, 8 hadi 10 kwa misuli na kwa rangi ya mafuta. Kata mikato miwili mitatu ya kutupa, ili ile michubuko ya kukwangua iishe.

Sasa shusha kioo cha kuzuia mkunjo. Zungusha gurudumu kwa mwendo mmoja usiokatika, bila kusita katikati ya bloku, kwa sababu pale unaposita ndipo mstari mnene unapobaki. Mkato utateleza chini ya kioo. Inua kioo taratibu. Ukiona mkato umelala bapa, sogeza slaidi ya joto la chumba juu yake, uso wa slaidi sambamba na mkato. Huna haja ya kubandika. Joto la kioo litauvuta mkato wenyewe, nao utaruka na kushika kufumba na kufumbua. Ukiisukuma slaidi, utapata mikunjo, na utaacha mafuta ya kidole kwenye sahani ya wembe.

Wanaokata bila kioo cha kuzuia mkunjo hutumia brashi: ncha ya nywele chache inashika ukingo wa mkato unapoanza kutoka na kuuvuta polepole kuelekea kwako huku mkono mwingine ukizungusha. Ni ujuzi mzuri kuwa nao, hasa kioo kikipasuka wakati chumba cha upasuaji kinasubiri.

Kufungia na kupaka rangi

Kufungia ni kuzifanya seli zibaki kama zilivyo kwa kutumia dawa. Kwa rangi ya hematoksilini (ya bluu, ya viini vya seli) na eosini (ya waridi, ya sehemu zilizobaki), slaidi iingie kwenye alkoholi ya asilimia 95 au formalini yenye alkoholi ndani ya sekunde moja au mbili tangu mkato uguse kioo. Weka mtungi mlangoni mwa mashine, usiufuate upande wa pili wa meza. Mkato ukikauka hewani kwanza, viini vya seli vinavimba na kufifia, na seli ya kawaida inaweza kuonekana kama ya saratani. Kwa kingamwili zinazong'aa ni kinyume: mkato huachwa ukauke, kisha huzamishwa kwenye asetoni baridi kama dakika 10, au huachwa bila kufungiwa kabisa, kulingana na protini inayotafutwa.

Mfuatano wa haraka ninaouamini uko hivi. Alkoholi ya kufungia, nusu dakika hadi dakika moja. Maji, mpaka jeli yote iondoke. Ikibaki inashika rangi na kuchafua picha. Hematoksilini, dakika moja. Maji tena. Maji yenye amonia kidogo, sekunde 10, mpaka rangi igeuke kuwa ya bluu. Maji. Alkoholi ya 95. Eosini, sekunde 15 hadi 20. Alkoholi ya 95, kisha mitungi miwili ya alkoholi kamili, kisha miwili ya zailini, halafu gundi na kifuniko. Dakika nne au tano zinatosha. Ukiona ukungu mweupe kwenye zailini, maji yamefika pale. Badilisha alkoholi kamili, na rudisha slaidi nyuma hatua moja.

Makosa na vyanzo vyake

Mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini ya mkato, ukijirudia mahali pale pale, ni pengo kwenye wembe. Sogeza wembe pembeni. Mstari ukihama pamoja na wembe, kosa ni la wembe. Ukibaki kwenye tishu ile ile, kuna chokaa au kipande cha uzi ndani.

Mkato mmoja mnene na unaofuata mwembamba, au bloku inayoruka mzunguko mzima bila kukatika, maana yake kuna kitu kimelegea. Anza na skrubu ya kisahani, kisha kishikio cha wembe, kisha angalia kama jeli imeachana na chuma. Pembe ya wembe iwe ya mwisho kuguswa.

Mkato unaojiviringisha huku kioo kikiwa kimeshushwa: kioo hakiko kwenye kimo chake, kina uchafu wa jeli chini yake, au hakijapoa. Kioo kilichosafishwa kwa alkoholi kinahitaji dakika kadhaa kurudi kwenye baridi ya chumba. Mikato inayotoka kwenye slaidi wakati wa kupaka rangi husababishwa na slaidi isiyo na chaji au slaidi yenye umande, iliyokaa ndani ya kriostati na kuwa baridi. Slaidi zibaki nje.

Matundu meupe yaliyotapakaa ndani ya seli ni fuwele, na hayo hayatibiki kwa kukata. Kwenye misuli, wapo wanaoyeyusha bloku na kuigandisha upya kwa isopenteni, na wakati mwingine inasaidia. Kwa sampuli ya upasuaji, gandisha kipande kingine kama kipo.

Usalama

Tishu inayokatwa hapa haijapitia formalini. Kifua kikuu, virusi vya homa ya ini na VVU vinavumilia baridi ya -20°C bila tatizo; baridi inavihifadhi. Vaa glovu zisizokatika, barakoa na kinga ya macho kwa kila sampuli, hata ile uliyoambiwa ni salama. Mgonjwa anaposhukiwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, sampuli yake isiingie kabisa kwenye kriostati ya kawaida, kwa kuwa prioni, protini zinazousababisha, hazifi kwa dawa zinazotumika ndani yake.

Kabla ya kugusa bloku, funga gurudumu na funika wembe. Kila mara, hata kama unasogeza kitu kidogo tu. Vidole vyenye baridi havihisi vimekatwa mpaka damu ionekane. Wembe utolewe kwa kibano au sumaku, uingie moja kwa moja kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali, na usiachwe ndani ya mashine usiku.

Naitrojeni ya kimiminika ni hatari kwa namna isiyoonekana: lita moja ikiyeyuka inatoa karibu lita 700 za gesi, na katika chumba kidogo gesi hiyo inachukua nafasi ya oksijeni bila harufu wala onyo. Fungua madirisha au uwe na kipima oksijeni. Isopenteni nayo inachemka karibu na 28°C na mvuke wake unashika moto kwa cheche tu, hivyo itumike chini ya kofia ya kunyonya hewa, na isirudishwe kwenye friji ya kawaida ya maabara.

Usafi na utunzaji

Mabaki yaondolewe kila siku kwa brashi au karatasi yenye alkoholi, yakivutwa kuelekea nje, kamwe yasipulizwe. Dawa zenye maji zitaganda kabla hazijafanya kazi, kwa hiyo ndani ya baridi hutumika alkoholi, na kwa kuwa inawaka, ifutwe kwa kitambaa na iachwe ikauke. Mashine zenye taa ya urujuanimno husaidia, ila mwanga huo hauingii chini ya lundo la vipande, hivyo mabaki yatangulie kuondolewa. Kwa ratiba mliyojiwekea, zima mashine kabisa, iache ifike joto la chumba, safisha kwa dawa ya kuua vijidudu, kausha kila kona, kisha paka mafuta maalumu ya joto la chini kwenye sehemu zinazosogea. Mafuta ya kawaida yanaganda na gurudumu linakuwa zito. Maji yaliyobaki yakiganda kwenye reli za mikrotomu, mashine itakataa kusogea asubuhi. Uyeyushaji wa barafu ya mashine wa kila siku upangwe saa ambazo hakuna upasuaji.

Tishu iliyobaki kwenye bloku baada ya jibu kutoka iyeyushwe, iingie formalini, na ipitie njia ya parafini, ili jibu la haraka lilinganishwe na la kudumu na mwanapatholojia ajue alipokuwa sahihi na alipokosea. Bloku inayohifadhiwa ikiwa bado imeganda ifunikwe kwa jeli, ifungwe kwa karatasi ya alumini ndani ya mfuko usioingiza hewa, na ikae -80°C; ikiachwa wazi inakauka na kusinyaa kama nyama iliyosahaulika kwenye friza. Slaidi za kingamwili zihifadhiwe kwenye sanduku lililofungwa, na siku ya kuzitumia liache sanduku lifike joto la chumba kabla ya kulifungua, umande usije ukalowesha mikato yote kwa mara moja.